Mwaka Niliokuwa Sauti ya Hamisi

Tulipotoka kumzika Monsieur Staf walitukusanya kwenye ukumbi wa parokia, pale Laeken, tukapewa kahawa na mikate midogo ya jibini kama ilivyo desturi ya Wabelgiji baada ya maziko. Nilikaa meza moja na watu nisiowajua, nimeinamia kikombe changu, nikasikia nyuma yangu sauti ya mtu asiyeogopa kucheka msibani. "Mnamwona huyu mama? Huyu ndiye aliyenipotezea nusu fainali." Sikugeuka mara moja. Nilitaka kwanza nijikaze uso, lakini wapi, uso haukukazika. Alikuwa Hamisi, kaja kutoka Kanada kumzika mwalimu wetu wa mieleka, kichwa kipara, tumbo limetangulia, koti jeusi linagoma kufungika. Nikasimama nikampiga ngumi ya bega, halafu nikalia, halafu tukacheka wote wawili mpaka binti wa marehemu akaja kutuuliza kama tunahitaji maji. Mwanaume huyu mwenye tumbo, niliwaambia wale wa mezani, zamani alikuwa kilo sitini na nane, na hakuna kijana wa shule Brussels nzima aliyeweza kumlaza chali. Walitabasamu kwa adabu. Hawakuniamini hata kidogo.

Kwa nini nililetwa Ulaya si habari ya leo. Mjue tu kwamba ilikuwa miaka ya tisini, nina miaka kumi na saba, binti wa Lubumbashi, nakaa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, na mama yangu mdogo, Maman Véro, katika chumba cha nyuma ya saluni yake. Tena mjue kwamba Kiswahili hiki ninachowaandikia sicho nilichokuja nacho. Kile cha kwetu Katanga kiko palepale, nikikasirika ndicho kinachotoka. Hiki nilikiokota jikoni kwa mama yake Hamisi, nikakinyoosha baadaye kazini, maana nimekuwa mkalimani karibu miaka thelathini, hospitalini, mahakamani, kwenye ofisi za wageni. Watu huniuliza nilisomea wapi. Nawaambia nilisomea kwenye godoro la mieleka, wanadhani nafanya mzaha.

Septemba ya mwaka ule directeur wa shule aliniita ofisini. Kwenye kiti alikuwa amekaa kijana mpya, mabega mapana, viatu vya kuazima, anatazama sakafu. "Madeleine," directeur akasema, jina ambalo nyumbani walilifupisha kuwa Mado, "huyu ni ndugu yako, mnatoka sehemu moja." Lubumbashi, Bujumbura, masikioni mwake ilikuwa kitu kimoja. Nikamwambia kijana, "Jambo. Uko muntu ya wapi?" Akanyanyua uso, macho yakachangamka. "Mtu," akasema. "Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, lakini shule nimesoma Kigoma." Nilitamani kumzaba kibao. Kaja juzi, Kifaransa hana hata cha kuombea chumvi, na tayari ananisahihisha! Directeur akaeleza na mimi nikafasiri: kijana amepokelewa kwa mwaka mmoja wa majaribio. Bila Kifaransa hatafaulu mitihani ya Juni, na asipofaulu shule haimhitaji. Hamisi akajibu kwamba akifukuzwa hapa, ami yake wa Liège ameshasema atamchukua kwenye gereji yake ya matairi, na mama yake atabaki peke yake Berchem na wadogo zake wawili. "Mwambie sitaki Liège," akasema. Nikamwambia directeur, na directeur akainua mikono kama mtu anayesema, ndiyo maisha hayo.

Aliyefungua mlango mwingine alikuwa Monsieur Staf, mwalimu wa mazoezi ya viungo, Mflemi mfupi, Mbelgiji wa upande wa kaskazini, mwenye masikio yaliyovimba kwa mieleka ya ujanani. Wiki ya pili alimkuta Hamisi uani, vijana watatu wakubwa wamemnyang'anya mkate wake, naye anawalaza chini mmoja baada ya mwingine taratibu, bila ngumi, bila matusi. Hakuwa anasukuma. Alimkumbatia mtu kama anampa mkono wa Idi, na yule aliyekumbatiwa akijikuta anatazama mawingu. Staf akanivuta kwa mkono wa sweta. "Muulize nani kamfundisha." Nikauliza. "Kaka zangu," Hamisi akasema. "Wapo wanne kule nyumbani, wote wakubwa kwangu." Staf alicheka mpaka akakohoa, kisha siku hiyohiyo akapanda kwa directeur, akarudi na habari iliyotushikilia mwaka mzima. Mwaka unaofuata shule inafungua darasa la michezo. Humo mtu anapewa muda wa kujifunza Kifaransa, lakini wanaingia mabingwa tu, si mshindi wa pili wala wa tatu. Yapo mashindano mawili ya shule za Brussels, moja Februari, moja Mei. Hamisi akichukua lolote katika hayo, anabaki. Akikosa yote mawili, Liège. "Na wewe," Staf akanigeukia, "utakuwa mdomo wangu."

Basi nikawa mdomo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya masomo, tulishuka kwenye chumba cha chini karibu na mtambo wa kupasha joto, kimejaa harufu ya mpira na soksi, na mimi nakaa kwenye benchi na daftari langu la hesabu ambalo sikulifungua hata siku moja. Staf alikuwa mtu wa kuonyesha. Alilala mwenyewe kwenye godoro, akanyanyuka, akakamata, akageuza, na mimi naongezea maneno juu yake kama chumvi. Siku moja Hamisi alikosea mbinu na Staf akasema ajaribu tena. Nikapaza sauti, "Pima tena!" Hamisi akasita, akanitazama, akatoka godoroni, akaenda kwenye mzani uliokuwa pembeni akasimama juu yake. "Bado ni sitini na nane," akasema. Vijana wote waligaragara kwa kicheko. Kwetu kupima ni kujaribu, kwao ni mzani na futi. Nikarekebisha, tukacheka, tukasahau. Mkalimani wa leo angemwambia yule binti: we Mado, hiyo ni kengele, isikilize. Lakini yule binti alikuwa anajiona anajua kila kitu.

Saluni kwa Maman Véro habari ikaenea. Huko wanawake walikaa vichwa nusu vimesukwa, nusu vimetimka, na kila aliyeingia aliulizwa maoni yake. "Catch?" Maman Véro akasema, kitana mdomoni. "Ile mutoto ya Burundi iko nafanya catch? Et alors, dawa yake iko wapi?" Maana kwao catch ni mieleka ya maonyesho ya kwetu, na mpiganaji bila mganga ni mtu aliyetoka nyumbani bila suruali. Nikaeleza kwamba hii ni lutte, mchezo wa shule, una refa na kanuni. "Kanuni!" akasema mteja mmoja kutoka chini ya mashine ya kukaushia. "Hata kule Kinshasa banasema kuko kanuni, mais mwenye dawa njo anashinda." Walibishana mpaka jioni, na mwisho wakakubaliana kwamba, bon, kama hakuna dawa basi mtoto ale. Tangu siku hiyo kila Jumatano Maman Véro alinipa bakuli la bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwetu, lililofungwa kwa taulo nimpelekee Hamisi, naye alilimaliza lote kwenye benchi, halafu akaenda nyumbani akala tena wali na dagaa.

Mama yake hakuwa rahisi hivyo. Walikaa Berchem, ghorofa ya nne, jikoni pana kuliko sebule, chai ya maziwa iko motoni tangu asubuhi hadi usiku. Nilipompelekea nguo ya mashindano ili aikubali, aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaipandisha kwenye mwanga wa dirisha. "Mwanangu Mado," akasema, "hii ndiyo nguo, au walisahau kuimalizia?" Nilijaribu kumweleza, nikashindwa, nikaanza kucheka, na yeye akacheka pia ingawa hakutaka. Mwishowe alinunua kitambaa cheusi, akashona suruali ya kubana ya kuvaliwa ndani, inayofika chini ya magoti. Marefa walinung'unika, Staf akawanung'unikia zaidi, ikapita. Ramadhani ilipoingia wakati wa baridi, jua likizama kabla mazoezi hayajaisha, Staf, aliyekuwa haendi hata kanisani, alianza kuweka tende mfukoni mwa suruali yake ya mazoezi. Alisimamisha mazoezi, akatazama saa, akazigawa kwa kila mtu, waliofunga na wasiofunga. Nikifikiria furaha ya mwaka ule nafikiria tende zile, zilizokuwa na nyuzinyuzi za mfuko.

Na alishinda, jamani. Mapambano ya kirafiki ya Oktoba alishinda, ya Novemba alishinda, Desemba akamlaza kijana wa Anderlecht kabla sijafika mahali pangu pa kukaa. Mashindano ya Februari yalipofika tulikuwa tunatembea tumevimba vifua. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zetu. Nusu fainali alikutana na kijana mrefu, mwekundu wa nywele, mgumu kama mlango wa zamani. Dakika ya mwisho Hamisi akampata: yuko juu yake, bega moja limegusa godoro, la pili limebaki kidogo tu, kwa sababu yule kijana amejiegemeza kwenye kiwiko. Ukitoa kile kiwiko, kwisha habari. Staf akanguruma kwa Kifaransa akiondoe, "Enlève! Enlève!" Nami nikaruka juu ya kiti, nikapiga kelele kwa nguvu zote Mungu alizonipa: "Tosha mukono! Tosha! Tosha! Tosha!"

Hamisi akaachia. Akasimama, akavuta pumzi, akatengeneza nguo yake vizuri, akamwinamia yule kijana akampa mkono amsaidie kunyanyuka. Yule mwekundu alimtazama kama mtu aliyeokota pochi njiani, halafu akaukamata mkono ule, akamvuta, akamgeuza, akamlalia. Refa akapiga godoro. Staf alikaa chini polepole, mikono kichwani, na mimi bado niko juu ya kiti, mdomo wazi.

Kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo tulipigana kwa maneno mpaka watu wakafungua milango. "Uliachia kwa nini?" "Si ulisema tosha?" "Ndiyo, nilisema tosha!" "Basi nikaacha!" "Uache nini, nilisema tosha! Tosha mukono!" "Nimesikia, imetosha, nimeshinda, nikaacha!" "Hamisi, tosha! Njo kusema, unakamata kintu, unatosha!" Nikanyakua taulo begani mwake nikalivuta kumwonyesha. Akalitazama taulo, akanitazama mimi. "Hiyo ni kutoa," akasema kwa sauti ndogo sana. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu kutosha ni kutoa. Kwao tosha ni basi, yatosha, acha. Nilikuwa nimempigia kelele aache, mara nne, mbele ya watu wote. Aliliokota begi lake. "Kuanzia leo," akasema, "usiniambie kitu. Nitajifunza Kifaransa chao mwenyewe." Kwenye tramu alikaa kiti cha mbele na mimi cha nyuma kabisa.

Wiki tatu hakunisemesha. Nilikwenda mazoezini, nikakaa kwenye benchi langu, na Staf akimwonyesha bila maneno. Shuleni nilimwona akizunguka na kidaftari, akiwasimamisha hata wapishi kuwauliza hiki kinaitwaje. Niliona uchungu, sitaficha. Uchungu wa kosa, maana nilijua nimemsogeza karibu na Liège kwa mdomo wangu mwenyewe, na uchungu mwingine mdogo, wa wivu, kwamba anajifunza na mimi sihitajiki. Nilikuwa nalia kwenye chumba cha nyuma ya saluni, na sauti za wateja zinapita pazia. "Iko nalia juu ya nini?" "Juu ya Kiswahili." "Kiswahili? Muntu iko nalia juu ya Kiswahili?" Maman Véro akaingia, akanitupia koti. "Ondoka, wende kwa mama yake. Huwezi kuomba pardon kwa ukuta."

Mama Hamisi alinifungulia kabla sijabonyeza kengele mara ya pili. Akaniketisha, akamwita mwanawe kutoka chumbani, akamketisha mkabala na mimi, akaweka sufuria ya chai katikati kama hakimu anayeweka vitabu vyake. "Kuteleza si kuanguka," akaanza. Nikapumua. "Lakini nyinyi mmeteleza na mkaanguka. Sasa mnataka kulala hapohapo chini?" Hamisi akasema yeye hajateleza, ameangushwa. "Na wewe," mama yake akamgeukia, "mtu amekuambia maneno miezi mitano, hujamuuliza siku moja kwao yana maana gani? Ulikuwa unamcheka tu. Muntu, muntu! Haya, mmoja aandike." Basi tuliandika, jioni ile na jioni nyingi baada yake, kwenye kile kidaftari chake: neno langu upande mmoja, lake upande wa pili, la Kifaransa katikati. Nilipomwambia kwamba miezi yote ile niliposema nataka "kukusumbulia kidogo" nilitaka tu kuongea naye, akapigwa na butwaa. "Mimi nilidhani unajua kwamba unanisumbua," akasema, "nikasema huyu dada angalau ni mkweli." Mama yake alicheka mpaka akaegemea jiko. Mimi nilicheka na machozi bado yako shavuni. Kwa daftari lile Kifaransa chake kilikimbia, na Kiswahili changu pia, na ilipofika Aprili tulikuwa tukigombana kwa lugha tatu.

Mei ilifika na mvua yake. Lilibaki shindano moja. Hamisi alipita raundi za kwanza bila kelele yoyote kutoka kwangu, kwa maana nilikuwa nimeapa. Nilikaa nyuma ya Staf, mikono chini ya mapaja, midomo nimeifunga. Upande wa kulia alikaa Maman Véro na wateja watatu wa saluni, mmoja wao na kilemba juu ya nywele ambazo hazijamalizika. Upande wa kushoto mama yake Hamisi, anavuta tasbihi, macho yamefumba. Na fainali akapangiwa nani? Yule yule mwekundu. Walishikana dakika nne, hakuna aliyepata kitu. Kisha Hamisi akamkumbatia kwa ule mkumbatio wake, wakaenda chini wote, yeye juu, na nikaona kile nilichokuwa nakiota usiku: bega moja chini, la pili limebaki kidogo, kiwiko kimejiegemeza palepale. "Enlève!" Staf akanguruma. "Enlève, Hamisi!"

Hamisi hakufanya kitu. Alibaki pale, amemkandamiza mwenzake, jasho linamdondoka puani, akageuza kichwa akanitazama mimi. Sekunde moja. Staf anapiga kelele, ukumbi unapiga kelele, Maman Véro kasimama anaita majina ya watakatifu, na yule mwanaharamu ananitazama tu. Ya pili. Saa ubaoni inakimbia. Nilifikiria nikikosea tena? Nikifungua mdomo likatoka lile la kwetu? Nikauona uso wa mama yake, sasa macho yamefumbuka, yananitazama pia. Nikasimama. "Toa!" nikapiga kelele. "Toa mkono, Hamisi! Toa!" Akautoa. Kwa urahisi, kama mtu anayeondoa sahani mezani. Refa akapiga godoro, na mama yake akapiga kigelegele kilichowafanya Wabelgiji waliokuwa mbele yake wainame kwenye viti vyao. Staf alinibeba, mimi niliyekuwa mrefu kuliko yeye, akanizungusha, na sikumbuki tena kilichofuata ila kwamba koo liliniuma siku tatu.

Jumatatu directeur alituita wote wawili. Aliandika jina la Hamisi kwenye orodha ya darasa la michezo, herufi kwa herufi, la kwanza kabisa, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Akaanza kunieleza mimi ili nifasiri, na Hamisi akamjibu mwenyewe, kwa Kifaransa kilichopinda lakini kinachosimama, kwamba ameelewa, anashukuru, na mama yake anashukuru. Directeur akaweka kalamu chini. Na mimi hapo ndipo akili iliponijia. Tulipotoka nje nikamkamata kola. "We Hamisi. Siku ile, lile neno la Staf ulikuwa hulijui?"

"Nalijua tangu Machi," akasema. "Lipo kwenye ukurasa wa kwanza uliouandika wewe."

"Sasa ulikuwa unangoja nini, mwendawazimu wewe? Ungekwenda Liège!"

Alijaribu kucheka, akaacha. Alikuwa kijana wa utani kutwa, na ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona anatafuta maneno kwa Kiswahili. "Nilikuwa nakungoja wewe," akasema. "Ningemaliza bila wewe kusema, mimi ningebaki Brussels, na wewe ungebaki na ile ya Februari moyoni mpaka uzeeke."